Mkono Kinywani mwa Watasema

Makandana, Tukuyu
9 Machi 1994

Mdogo wangu Asajile,

Huku tumeamka salama, ila tangu Jumapili mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata leso. Njia ya kwenda Ikuti inateleza kama sabuni, na watoto wa darasa langu wanaingia na viatu mkononi. Mjomba Nsajigwa anakusalimu. Anasema yeye ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki, lakini unamwandikia kama unamwandikia mkaguzi wa shule: mistari mitano na sahihi. Bintiye Hellen amejifungua mtoto wa kike, na wamempa jina la mama yetu. Mjomba hamwachi mtu mwingine ambebe.

Sasa nikwambie yangu, nawe usicheke. Ile kamera niliyonunua dukani kwa Hashimu imenifanya gumzo la mji. "Mwalimu anapiga picha mbwa!" Ndiyo, napiga mbwa. Binadamu akiona kamera anasimama kama anaimba wimbo wa taifa. Mbwa hajui kujikaza. Hashimu mwenyewe hataki mbwa karibu na kizingiti chake, lakini amenifundisha kutumia flashi, na kila mkanda mpya ukifika ananiwekea mmoja.

Nakutumia mkanda wa picha thelathini na sita. Za mwisho ni za Watasema, mbwa wa mjomba, ambaye yupo kwangu kwa siku chache hizi. Amekwamwa na mfupa, maskini. Mdomo umebaki wazi na ute unamdondoka, ungedhani anacheka. Juzi tulijaribu kumsaidia. Ilikuwa magharibi, taa za mji zimeanza kuwaka nyuma yake. Wewe kila siku unanitambia taa zako za Dar es Salaam, basi nami nimetaka mbwa na taa katika picha moja. Sijui kama zitatoka.

Uusafishe mapema, nina hamu. Kuna maneno ya mbwa wenye kichaa huko Suma, lakini Suma si Makandana.

Dada yako,
Atuganile


TELEGRAMU
29 Aprili 1994

MWL ATUGANILE TUKUYU. WATASEMA YUKO WAPI. ALIYEMGUSA MDOMO AENDE HOSPITALI LEO. BARUA INAFUATA. ASAJILE


Ilala, Dar es Salaam
30 Aprili 1994

Dada Atuganile,

Watoto hawajambo, mama yao hajambo. Umeme unakuja kwa zamu, kwa hiyo nikipanda juu ya paa la ofisi yetu karibu na bandari saa kumi na mbili jioni, nakuta nusu ya mji imewaka na nusu imezimwa. Nimezipiga sana hizo taa. Mkanda wako nilichelewa kuusafisha kwa sababu ya kazi, unisamehe.

Telegramu yangu imekushtua, najua. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Juzi nilizichukua picha zako nikampelekea jirani yangu, mzee Simon, aliyekuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Nilimpelekea kwa kujivuna. Alimcheka yule mbwa aliyelala kwenye karai, akamcheka yule mwenye sikio moja. Alipofika kwa Watasema akavaa miwani.

"Huyu yuko wapi?"

"Tukuyu, kwa dada yangu. Amekwamwa na mfupa."

"Mfupa aliuona nani?"

Akaniambia, "Taya limelegea, halifungi tena. Ninyi mnadhani mbwa mwenye kichaa ni yule anayefukuza watu barabarani. Yupo na mwingine, mpole, anakaa kimya anadondosha mate. Watu wanamwonea huruma, wanamtia mkono mdomoni kutafuta mfupa."

Ndipo nikampa picha inayofuata. Dada, hiyo picha unaijua. Mkono wa mtu umezama kinywani mwa Watasema mpaka kwenye kifundo. Mzee Simon aliitazama, akaigeuza juu ya meza, uso chini.

Anasema mate yakiingia kwenye kidonda, ugonjwa unaweza kujificha wiki nyingi, hata miezi. Ukishaanza, hakuna daktari. Lakini kabla haujaanza, sindano zinauzuia. Siku hizi ni tano tu, na zinachomwa begani, si zile za tumboni walizokuwa wakitutishia utotoni.

Naomba majibu matatu. Mbwa yuko wapi? Wewe ulimgusa? Na mkono ule ni wa nani?

Mdogo wako,
Asajile


Makandana
9 Mei 1994

Asajile,

Nimepokea barua na telegramu. Telegramu mwalimu mkuu aliisoma kabla yangu, na kabla ya kengele ya saa nne shule nzima ilijua kuwa nimemgusa mbwa mdomo. Siku nyingine uandike kama mtu mwenye dada anayeheshimika.

Mvua zimepungua. Ndizi zimekuwa nyingi mpaka watu wanagawiana. Mtoto wa Hellen ameanza kucheka.

Majibu yako ni haya. Watasema alikufa siku ile ile niliyoposti mkanda. Aliamka hawezi kusimama, na jioni akawa amekwisha. Nilimzika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mfupa hatukuuona.

Mimi nilimshika kichwa baada ya kupiga picha. Nilikuwa na mikwaruzo ya michongoma mkononi, na mate yalinidondokea. Nilinawa kwa sabuni, lakini si pale pale. Nimemuuliza muuguzi mmoja ninayemfahamu kuhusu hizo sindano. Akasema ziliisha, zimeagizwa, siku ya kufika haijulikani. Nikamshukuru nikaondoka kama mtu aliyeulizia dawa ya mafua.

Sitaki kukudanganya kwamba nalala. Mzee Simon amekwambia kuwa mgonjwa huogopa maji? Mimi nilijua tangu zamani, nilifundishwa chuoni. Kila asubuhi nachota kikombe, nakunywa polepole, najisikiliza koo. Maji yakipita, naenda shule. Leo nilipaliwa kidogo tu darasani, nikakaa juu ya kiti mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa.

Kuhusu ule mkono, ni wa jirani aliyekuwa anapita njia. Yuko mzima. Usiniulize tena.

Atuganile


Ilala
18 Mei 1994

Dada yangu,

Mama watoto anakusalimu na anakuombea kila usiku, nami namwitikia kwa sauti ndogo.

Barua hii inakuja na chupa nyekundu ya chai. Usiifungue mpaka uwe mbele ya mganga wa zahanati. Ndani kuna barafu, na katikati ya barafu kuna sindano tano za mtu mmoja. Nimezipata kwenye duka la dawa la mtu binafsi, lililofunguliwa mjini mwaka jana. Zamani tungezunguka na karatasi ya daktari mwezi mzima. Mzee Simon alikwenda nami, akasoma tarehe kwenye kila kichupa, akapanga barafu kwa mikono yake. Dawa ikipata joto imekufa. Utingo wa basi nimemwapisha aiweke chini ya kiti chake, mbali na injini. Nimekutumia telegramu ufike stendi kabla basi halijafika.

Ya kwanza uchome siku hiyo hiyo. Ya pili baada ya siku tatu, halafu siku ya saba, ya kumi na nne, na ya ishirini na nane. Usiruke hata moja.

Kuhusu huyo jirani. Picha uliipiga wewe, kwa hiyo mkono si wako, hilo naliona. Lakini mtu anayepita njia hatii mkono kinywani mwa mbwa asiyemjua. Dukani zilikuwepo dozi mbili. Nilisimama mbele ya kabati, nikataka kuzichukua zote, nikakumbuka umesema yuko mzima na nisiulize. Nikachukua moja. Tangu jana sina amani. Nitajie jina, dada.

Asajile


Makandana
24 Mei 1994

Asajile,

Chupa ilifika Ijumaa asubuhi. Niliitikisa nikasikia barafu bado inagonga, nikalia pale stendi mbele ya watu.

Mkono ni wa mjomba.

Nilijua utaniuliza kwa nini nilificha. Aliniapisha. Siku telegramu yako ilipokuja nilikwenda Ikuti nikamweleza, akanisikiliza huku anamenya ndizi. Akasema, "Mwipwa wangu, mtu akijulikana huku kwamba ameng'atwa na mbwa wa kichaa, watu humtazama kila anapoinua kikombe. Mimi ni mzee wa kanisa. Sitaki kuhesabiwa mafunda." Meno yalimwingia kiganjani sehemu nne, Asajile. Majeraha yalishapona. Alinionyesha akasema, "Unaona? Yameziba." Nikataka kuamini.

Nilipopata chupa sikwenda kwa mganga na mkono wangu. Nilipanda gari la majani ya chai mpaka njia panda, kisha nikatembea. Nilimkuta amembeba mjukuu.

Nikamwambia, "Mjomba, mpe Hellen mtoto. Tunakwenda zahanati."

"Hiyo dawa ni ya nani?"

"Yako. Imetoka Dar es Salaam, kwa Asajile."

"Na wewe uliyemshika kichwa?"

"Mimi nimeshachomwa ya kwangu."

Alinitazama. Unajua anavyomtazama mtu anayemwuzia mbuzi. Lakini mimi ni mwalimu, najua kuutuliza uso. Akaniamini. Tulipofika mlangoni alinishukuru kwa neno moja, "ndaga", akavua kofia.

Amechomwa ya kwanza Ijumaa na ya pili jana. Zilizobaki zimo kwenye jokofu la zahanati. Hellen tumemwambia ni sindano za kifua.

Mimi bado nakunywa kikombe changu kila asubuhi. Tafadhali rudi dukani.

Atuganile


Ilala
2 Juni 1994

Dada,

Nilirudi dukani saa ile ile niliyosoma barua yako, sikurudi hata ofisini kuaga. Ile dozi ya pili ilikwishanunuliwa. Nimekwenda kila siku asubuhi na jioni mpaka leo mzigo uliposhuka kwa ndege. Zako ndizo hizi. Jina lako nimeliandika juu ya chupa kwa wino, na ndani ya kifuniko nimebandika karatasi ya kumwambia mganga: hizi ni za Mwalimu Atuganile, asipewe mtu mwingine. Unikasirikie ukitaka.

Kuna jambo nimelificha tangu barua ya kwanza. Nilikuandikia kwamba mkanda wako ulicheleweshwa na kazi. Si kweli. Niliupokea tarehe 17 Machi. Niliupeleka kusafishwa tarehe 28 Aprili. Siku zote hizo arobaini na mbili ulikuwa ndani ya droo yangu, juu ya bahasha yako, na kila siku niliuona.

Kampuni moja mpya ilitangaza shindano la picha za mji kwa ajili ya kalenda. Picha bora kumi na mbili. Nikasema hapa ndipo nitakapojulikana. Kila jioni nilikuwa juu ya paa, naegesha kamera ukutani, nangoja ile nusu saa ambayo mbingu bado ina rangi na taa zimeshawaka. Kila nilipokwenda kusafisha nilipeleka mikanda yangu, nikijiambia mbwa wa dada watangoja. Nilikuwa nacheka moyoni. Mbwa! Mimi napiga mji mzima unawaka, yeye anapiga mbwa.

Sikushinda hata picha moja.

Kama ningeufungua mkanda Machi, mzee Simon angeiona ile picha Machi. Nimehesabu kila namna, na kila hesabu inaishia kwenye droo yangu. Nimemuuliza mzee Simon kama siku hizo zina uzito. Alinijibu, "Mwombe Mungu zisiwe nao." Mjomba yukoje? Anakunywa chai? Niandikie kwamba anakunywa.

Asajile


Makandana
21 Julai 1994

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na umewakuta watoto wazima. Sindano yangu ya tano nilichomwa tarehe 2 mwezi huu. Mganga anasema naweza kuacha kujipima na kikombe. Nimeacha, ila mkono bado unakitafuta kila asubuhi.

Barua yako ya tarehe 2 Juni ilifika na chupa tarehe 4, na kabla sijajibu, tarehe 8, mjomba alisukuma kikombe cha chai. Ndiyo maana hukupata jibu, ulipata telegramu ya msiba. Tukasimama wote kaburini kule Ikuti, mimi nikiwa na barua yako kwenye kitenge, nawe ukiniogopa. Siku tatu ulizokaa tulizungumza habari za viti, sufuria na nani amlete mchungaji. Sikukuita pembeni. Si kwa sababu ya droo yako, Asajile. Ni kwa sababu nilikuwa na langu, nawe ungeniomba nikusamehe kabla sijalisema.

Hukuniuliza hata mara moja kwa nini mbwa wa mjomba alikuwa kwangu.

Mwisho wa Februari watu wa halmashauri walipita Ikuti kuwapiga risasi mbwa wanaozurura, kwa sababu ya yale ya Suma. Watasema alikuwa amegombana na mbwa wa Suma, ana jeraha shingoni, na mjomba alilijua. Alikuja kuniuliza mimi, mwalimu, afanye nini. Mtu mwingine angemwambia amtoe. Mimi nilimwambia, "Mlete kwangu usiku, nitamficha." Nilikuwa na mkanda mpya ndani ya kamera. Yule mbwa alikuwa na uso mzuri kuliko wote, nami nilitaka kumpiga taa za mji zikiwaka nyuma yake. Jeraha nililiona. Nililigeuzia upande wa pili ili lisionekane kwenye picha.

Wewe ulichelewa siku arobaini na mbili bila kujua. Mimi nilijua. Kwa hiyo usiniombe hukumu, sina mahali pa kusimama niitoe. Nikisema nimeyasahau ya droo nitakuwa nadanganya, na nimechoka kudanganya. Bado inaniuma. Lakini wewe ni mdogo wangu na nataka barua zako.

Baada ya wewe kuondoka nilikwenda kwa Hellen nikamwambia yote: mbwa, jeraha, kiapo, na zile tulizoziita sindano za kifua. Alikuwa ananyonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Dada," akasema, "ungeniambia mimi. Baba asingenishinda. Ningemvuta kwa mkono mpaka hospitali siku ile ile."

Akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nenda sasa," akasema. "Nikikutaka nitakuita."

Nilikaa wiki tatu bila kuitwa. Kanisani alikaa benchi la mbele akatoka kwa mlango wa pembeni. Halafu wiki iliyopita, Alhamisi, akaja mwenyewe mpaka shuleni, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope. Hakunisalimu. Akasema, "Jumamosi wanakuja Ikuti kuchanja mbwa. Watu wanadhani ni wale wa bunduki, wamewaficha mbwa wao kama ulivyomficha wa baba. Njoo uwaambie."

Nilikwenda. Mtaalamu wa chanjo alikuwa ameketi mbele ya ofisi ya kata na kisanduku chake cha barafu tangu saa mbili, na mpaka saa nne walikuwa wameletwa mbwa wawili tu, wote wa mwenyekiti. Watu walikuwepo wengi, wamesimama mikono mitupu, wanasema sisi hatufugi mbwa. Huku nyuma kwenye migomba unawasikia wanabweka.

Hellen alinishika kiwiko akanisogeza mbele. Nilisema kwa Kinyakyusa ili wazee wasikie bila kutafsiriwa. Nilianza na jina la mjomba. Niliwaambia alikufa na nini, maana wengi walikuwa wanasema kifua. Niliwaambia nani alimficha mbwa, na kwa ajili ya nini. Niliposema "kwa ajili ya picha" mzee mmoja aliguna kwa nguvu, mwanamke mmoja akatema mate chini, nami nikaendelea. Niliwaambia wale wenye makovu ya meno waje kwangu siku ile ile, bila aibu, nitawasindikiza mwenyewe mpaka Mbeya, ambako sindano sasa zipo.

Nilipomaliza watu walibaki wamesimama mikono mitupu vile vile. Nikadhani nimepoteza bure jina la mjomba na la kwangu. Hellen alikuwa bado amenishika kiwiko, wala hakuwa ananibembeleza, alikuwa amenibana tu nisiondoke.

Kisha bibi mmoja akatoka kwenye kundi bila kuaga, akapotea migombani. Tulisikia anamkaripia mtu huko ndani. Akarudi na mbwa mweupe amemfunga kwa gome la mgomba, amembeba nusu na kumburuta nusu. "Huyu hapa," akamwambia mtaalamu, "na dadake yuko uvunguni." Nyuma yake akaja mwanamume na wawili. Halafu wengine. Vijana wawili walinionyesha mikono yao, nimewasindikiza Mbeya Jumatatu.

Mimi niliwashika mbwa vichwa, Hellen akashika miguu. Alipotaka kumnyonyesha mtoto alinipa mimi kamba, akasema, "Azishike mtu ninayemwona, asiyenificha kitu." Saa tisa alasiri dawa zikamwishia mtaalamu, akasimama akafunga kisanduku. Mbwa walikuwa bado wanakuja.

Dada yako,
Atuganile